Mzigo au Kofia? Ufafanuzi wa Dhana na Istilahi ya Antena Wima Fupi katika Redio ya Ridhaa

1.0 UTANGULIZI

Makala haya yanafafanua mbinu moja ya ujenzi wa antena inayotumiwa na waendeshaji wa redio ya ridhaa katika masafa ya chini. Mbinu yenyewe ni ya kutandaza nyaya au fito za chuma kwenye ncha ya mlingoti ambao ni mfupi kuliko unavyotakiwa kuwa kwa kulingana na urefu wa wimbi. Kiingereza kimeipa mbinu hii jina lenye maana ya 'kutia mzigo juu'. Mfasiri anayekutana na jina hilo kwa mara ya kwanza hushawishika kulihamisha kama lilivyo, akapata 'kupakia juu' au 'antena yenye mzigo juu'. Hoja ya makala haya ni kwamba tafsiri ya namna hiyo, ijapokuwa haina kosa kileksika, inapotosha dhana. Kinachowekwa juu ya mlingoti hakifanyi kazi ya mzigo. Kinachofanywa ni kuupatia mkondo wa umeme mahali pa kwenda, ili sehemu yote ya wima ipitiwe na mkondo mkubwa.

Suala hili lina matokeo nje ya kamusi. Mtu aliyeaminishwa kwamba mlingoti wake umepungukiwa na 'mzigo' ana haki ya kudhani kwamba mzigo waweza kuwekwa popote, na mahali rahisi pa kuuweka ni chini, mkono unapofika. Ataweka koili kwenye kitako cha mlingoti, vipimo vyake vitaonyesha kwamba antena imeitika masafa, na redio yake itafanya kazi bila kulalamika. Hata hivyo sehemu kubwa ya nguvu anayoipeleka itageuka joto katika koili na udongo, wala hatajua kwa nini hasikiki. Hivyo basi istilahi inaweza kumsaidia au kumponza mtumiaji wake hata kabla hajafungua kitabu cha fizikia.

Sehemu ya pili inatoa usuli wa masafa ya chini na historia fupi ya mbinu yenyewe. Sehemu ya tatu na ya nne zinaeleza mwenendo wa mkondo na kulinganisha njia mbili za kuufanya mlingoti mfupi uitike masafa. Sehemu ya tano inaonyesha maumbo yanayotumika, na ya sita inagusia ardhi, bahari na kelele za radi. Sehemu ya saba inarejea kwenye istilahi kwa kutumia yale yatakayokuwa yamekwisha kuelezwa.

2.0 USULI

2.1 Masafa ya Chini na Urefu wa Wimbi

Urefu wa wimbi la redio katika mita hupatikana kwa kugawanya 300 kwa masafa yaliyohesabiwa kwa megahezi. Katika Kanda ya 1 ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), ambayo Afrika nzima imo ndani yake, waendeshaji wa ridhaa kwa jumla wametengewa kilohezi 1810 hadi 1850, nafasi inayojulikana kwa jina la bendi ya mita 160. Juu yake ipo bendi ya mita 80, inayoanzia kilohezi 3500. Hizi ndizo bendi zinazokusudiwa hapa kwa maneno 'masafa ya chini'.

Bendi hizi ni za usiku. Wakati wa mchana tabaka la chini la ionosfera hunyonya mawimbi yake, na mawasiliano hayavuki mamia machache ya kilomita. Jua linapotua tabaka hilo hutoweka, na mawimbi yaliyorushwa kwa pembe ya chini, karibu na upeo wa macho, huweza kurudishwa na tabaka za juu na kufika mabara mengine. Waya uliolazwa mlalo hauwezi kurusha mawimbi kwa pembe hiyo ya chini mpaka uinuliwe juu kiasi cha nusu ya wimbi. Kwa kilohezi 1830 kimo hicho ni mita 82. Ukiwekwa chini zaidi, waya huo hurusha sehemu kubwa ya nguvu yake juu utosini. Kwa sababu hiyo mtu anayetaka kufika mbali katika bendi ya mita 160 huelekea kwenye mlingoti wa wima.

Mlingoti wa wima uliosimama juu ya ardhi huitika masafa kwa urahisi zaidi ukiwa na urefu wa robo ya wimbi. Kwa kilohezi 1830 robo hiyo ni mita 41, na kwa kilohezi 3600 ni karibu mita 21. Ni watu wachache wenye uwezo, kiwanja na kibali cha kusimamisha nguzo ya mita 41. Mlingoti wa mita 15, ambao kimo chake chakaribia jengo la ghorofa tano, ni mrefu kwa jicho la jirani, lakini kwa wimbi la mita 164 ni mfupi sana. Tatizo la antena wima fupi linaanzia hapa.

2.2 Historia Fupi ya Mbinu

Kuweka chuma kipana juu ya mlingoti ni desturi ya zamani sawa na redio yenyewe. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1909, Guglielmo Marconi alieleza majaribio yake ya awali, ambamo alitumia masanduku ya bati yaliyowekwa juu ya nguzo. Masanduku yenye upande wa sentimita 30 yakiwa juu ya nguzo za mita 2 yalimwezesha kupokea ishara kwa umbali wa mita 30. Kwa nguzo za mita 4 umbali ulikuwa mita 100, na kwa nguzo za mita 8 ulifika mita 400. Alipoweka juu ya nguzo za mita 8 masanduku yenye upande wa mita moja, ishara zilifika mita 2,400. Msomaji aangalie kwamba katika hatua ya mwisho nguzo haikurefushwa hata kidogo. Kilichoongezwa ni upana wa kitu kilichokaa juu yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 meli ziliifuata kanuni hiyohiyo. Nyaya zilitandazwa kati ya milingoti miwili, na waya mwingine ukateremshwa kutoka kwenye nyaya hizo hadi chumba cha redio. Wimbi lililotumiwa sana melini lilikuwa la mita 600, ambalo robo yake ni mita 150, kimo ambacho mlingoti wa meli haungeweza kukifikia. Mfano mkubwa zaidi unaoonekana hadi leo uko Grimeton, Sweden, katika kituo kilichojengwa miaka ya 1922 hadi 1924 kwa mfumo wa mhandisi Ernst Alexanderson, na kikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004. Kituo hicho hutumia kilohezi 17.2, ambazo robo ya wimbi lake inazidi kilomita 4. Minara yake sita ina kimo cha mita 127 tu, na juu yake nyaya zimetandazwa kwa umbali wa takriban kilomita mbili. Kazi ya kurusha mawimbi hufanywa na nyaya za wima zinazoteremka kwenye minara, ilhali zile zilizotandazwa juu huziwezesha nyaya hizo za wima kupitiwa na mkondo wa kutosha.

3.0 MKONDO KATIKA MLINGOTI MFUPI

Ili kuelewa kazi ya chuma kilichotandazwa juu, ni lazima kwanza kueleweka jinsi mkondo unavyogawanyika katika mlingoti usio na kitu juu yake. Mkondo wa redio huenda na kurudi. Kwa kilohezi 1830 hufanya hivyo mara 1,830,000 kwa sekunde. Unapofika kwenye ncha ya mlingoti hauna pa kwenda, kwa kuwa chuma kimekwisha na hewa ni kihami. Kwenye ncha, basi, mkondo ni sifuri. Katika mlingoti ulio mfupi sana kuliko wimbi, mkondo hupungua karibu kwa mstari ulionyooka kutoka kiwango chake cha juu kwenye kitako hadi sifuri kwenye ncha. Ukichorwa, mchoro wake huwa pembetatu.

Mfano wa maji unaweza kusaidia. Mfereji uliozibwa mwishoni hauruhusu maji kwenda na kurudi karibu na kizibo, hata yakisukumwa kwa nguvu kutoka upande wa pili. Mfereji huohuo ukifunguliwa kwenye birika pana, maji hupata mahali pa kuingia na kutoka, na mwendo wake huwa mkubwa hadi mwisho wa mfereji. Chuma kilichotandazwa juu ya mlingoti ni sawa na birika hilo. Chaji za umeme husambaa juu yake katika nusu moja ya mzunguko na kurudi katika nusu ya pili. Matokeo yake ni kwamba mkondo haulazimiki tena kuwa sifuri kwenye ncha ya mlingoti. Unakuwa sifuri kwenye ncha za nyaya zilizotandazwa, na sehemu ya wima hubaki na mkondo unaokaribia kulingana kutoka chini hadi juu. Pembetatu inakaribia kuwa mstatili.

Tofauti ya maumbo hayo mawili ndiyo kiini cha mada. Nguvu ya wimbi linalorushwa na mlingoti mfupi hutegemea zao la urefu wake na wastani wa mkondo unaoupitia. Wastani wa mkondo katika pembetatu ni nusu ya ule wa kitako, na katika mstatili unalingana na ule wa kitako. Kwa kuwa nguvu hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, kuugeuza mgawanyo wa pembetatu kuwa mstatili huzidisha mara nne nguvu inayorushwa kwa kila ampea inayoingia. Wahandisi huieleza hali hii kwa dhana ya ukinzani wa mnururisho, yaani ukinzani wa kubuni ambao ungekula nguvu sawa na ile inayoondoka kama wimbi. Katika mlingoti kamili wa robo ya wimbi ukinzani huo ni karibu omu 36. Katika mlingoti mfupi hushuka haraka, na hapo ndipo hasara nyingine zinapopata nafasi ya kutawala.

4.0 KOILI CHINI NA KOFIA JUU: ULINGANISHO

Ichukuliwe bomba la chuma lenye kimo cha mita 15 na kipenyo cha sentimita 5, litumike kwa kilohezi 1830. Kwa kipimo cha wimbi, kimo hicho ni nyuzi 33 kati ya nyuzi 90 za robo kamili. Ichukuliwe pia kwamba udongo na nyaya zilizolazwa chini vina hasara ya omu 10, kiwango ambacho si cha ajabu katika kiwanja cha kawaida.

(a) Njia ya kwanza ni kuweka koili kwenye kitako. Mlingoti huu mfupi hujionyesha kwa redio kama kapasita yenye uzuio wa karibu omu 560. Koili hulipa deni hilo na kuifanya antena iitike masafa. Koili nzuri yenye kipimo cha ubora cha 200 itakuwa na hasara ya karibu omu 2.8. Ukinzani wa mnururisho, kwa kuwa mgawanyo wa mkondo ungali pembetatu, ni karibu omu 3.2. Jumla ni omu 16, na kati ya hizo ni omu 3.2 tu zenye faida. Katika kila wati 100 zinazoingia, wati 20 hutoka kama wimbi na wati 80 hugeuka joto.

(b) Njia ya pili ni kutandaza chuma juu mpaka antena iitike masafa bila koili yoyote. Ukinzani wa mnururisho sasa hupanda hadi karibu omu 11. Hauzidi mara nne kamili kwa sababu mkondo wa juu bado umepungua kidogo, ukawa kama asilimia 84 ya ule wa kitako. Hasara ya koili imeondoka. Ardhi ni ileile ya omu 10. Katika kila wati 100, karibu wati 52 hutoka kama wimbi.

Mlingoti, kiwanja na redio ni vilevile katika hali zote mbili. Tofauti inayopatikana inakaribia desibeli 4. Mwenye koili chini angelazimika kutumia wati 260 ili asikike sawa na mwenye wati 100 aliyetandaza chuma juu. Ikiwa nyaya za ardhini zitaongezwa mpaka hasara ya udongo ishuke kufikia omu 2, ufanisi wa njia ya kwanza utapanda kufikia asilimia 40, na wa njia ya pili utapanda hadi asilimia 84.

Jambo moja katika ulinganisho huu linastahili kukaziwa, kwa kuwa ndilo linalowapotosha wengi. Redio nyingi za kisasa hutarajia kuona omu 50 kwenye mwisho wa waya wake. Mtu mwenye koili chini na udongo mbaya wenye hasara ya omu 44 atapata 3.2 kwa 2.8 kwa 44, jumla omu 50 kamili. Mita yake itaonyesha uoanifu usio na dosari, ilhali ni wati 6 tu katika kila 100 zinazoondoka mahali pale. Kipimo cha kuitika masafa na kipimo cha ufanisi ni vitu viwili tofauti. Antena zote mbili zimeitika, lakini moja yazo ndiyo inayorusha. Istilahi inayosema kwamba mlingoti 'umetiwa mzigo' inazungumzia kuitika peke yake, na inaificha tofauti hii.

5.0 MAUMBO YA KOFIA

Kifaa cha juu kinaweza kuchukua maumbo kadhaa, na kila umbo lina gharama yake.

5.1 Umbo la Foromali

Umbo rahisi kuliko yote ni waya wa mlalo uliofungwa katikati yake kwenye ncha ya mlingoti, mfano wa herufi T. Mkondo unapopanda hugawanyika nusu kwa nusu kuelekea pande mbili zinazopingana. Kwa kuwa mikondo hiyo inalingana na inakwenda kinyume, mawimbi yake hufutana kwa mbali, na kinachobaki ni wimbi la sehemu ya wima. Kwa mlingoti wa mita 15 uliotajwa, kila mkono wa T unahitaji kuwa na urefu wa karibu mita 24. Kama sehemu ya wima ni waya mwembamba na wala si bomba, mkono wa mita 18 au 19 waweza kutosha, kwa sababu waya mwembamba unahitaji kapasitansi ndogo zaidi juu yake. Kwa kawaida fundi hukata mikono mirefu kidogo, kisha huipunguza pande zote mbili kwa usawa mpaka masafa yapatikane.

Umbo hili linamkumbusha mtu wa pwani mlingoti wa jahazi na foromali yake, ingawa foromali ya jahazi hukaa mshazari na huu waya hukaa mlalo.

5.2 Umbo la L

Mtu mwenye mti mmoja tu wa kufungia upande wa pili hutumia mkono mmoja badala ya miwili. Waya hupanda wima, kisha hukunjwa na kwenda mlalo kwa mita 26 hivi. Njia hii ni nafuu na hutumiwa na watu wengi. Upungufu wake ni kwamba mkono wa mlalo hauna mwenzake wa kuufuta, kwa hiyo sehemu ya nguvu hurushwa juu utosini. Kwa mawasiliano ya karibu wakati wa usiku upungufu huo waweza hata kuwa faida.

5.3 Umbo la Mwavuli

Mlingoti mrefu hushikiliwa na nyaya zinazoteremka mshazari hadi kwenye vigingi. Sehemu za juu za nyaya hizo zinaweza kuunganishwa kiumeme na ncha ya mlingoti, kisha zikakatwa kwa vihami mahali fulani katika mteremko wake. Hivyo nyaya za kushikilia zinapewa kazi ya pili bila kuongeza uzito. Hata hivyo mkondo katika waya unaoteremka unaelekea chini wakati mkondo wa mlingoti unaelekea juu, kwa hiyo sehemu ya wimbi hufutwa. Nyaya zikirefushwa mno, kinachopotea kwa kufutwa huanza kukizidi kinachopatikana kwa kapasitansi. Kwa sababu hiyo mafundi huzizuia ncha zake zisiteremke chini ya nusu ya kimo cha mlingoti, na kadiri zinavyovutwa mbali na mlingoti ndivyo matokeo yanavyokuwa bora.

5.4 Umbo la Gurudumu

Palipo na nafasi ndogo hutumiwa fito fupi zilizopangwa kama njiti za gurudumu, na waya huzungushwa kwenye ncha zake. Umbo hili hukaribia sahani bapa ya chuma, ambayo kapasitansi yake ni takriban pikofaradi 35 kwa kila mita ya kipenyo. Sahani ya kipenyo cha mita 3 ina pikofaradi 106 hivi. Bomba la mfano wetu linahitaji karibu pikofaradi 370, yaani gurudumu la kipenyo kinachozidi mita 10, jambo ambalo upepo hautalivumilia. Kwa bendi ya mita 160, basi, gurudumu huwa dogo kuliko inavyotakiwa, na upungufu wake hulipwa kwa koili inayowekwa karibu na ncha, chini kidogo ya gurudumu. Koili ikiwa huko juu, sehemu ya wima iliyo chini yake hubaki na mkondo mkubwa. Ikiwa kwenye kitako hakuna sehemu ya wima iliyo chini yake ya kufaidika.

Katika maumbo yote haya tahadhari moja ni ya lazima. Kwenye ncha za nyaya mkondo ni sifuri lakini volteji ni kubwa kupita mahali pengine popote. Hata kwa wati 100 volteji hiyo hufikia mamia, na kwa wati 1000 hufikia maelfu. Vihami viwe imara, na ncha zikae mbali na majani, mapaa na mikono ya watu.

6.0 ARDHI, BAHARI NA NGURUMO

Hasara ya udongo imetajwa mara kadhaa. Mkondo unaopanda mlingotini hurudi kupitia ardhi inayouzunguka, na udongo ni kipitishi dhaifu. Utafiti wa G. H. Brown, R. F. Lewis na J. Epstein uliochapishwa mwaka 1937 ulionyesha faida ya kulaza nyaya nyingi zinazotawanyika kutoka kwenye kitako kama miali. Vituo vya utangazaji vikazoea kutumia nyaya 120. Mwendeshaji wa ridhaa hana waya wa kiasi hicho, na hapa kofia humsaidia kwa njia nyingine. Inapopandisha ukinzani wa mnururisho, omu zilezile za udongo huwa sehemu ndogo zaidi ya jumla.

Nyaya za ardhini hutibu hasara iliyo karibu na kitako tu. Mawimbi ya pembe ya chini huathiriwa na ardhi ya mbali pia, ambayo hakuna mtu awezaye kuitandikia waya. Mwenye kukaa ufukweni ana bahati katika jambo hili. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa mamia hadi maelfu ya mara kuliko udongo wa kawaida, na mlingoti uliosimama penye maji ya chumvi hurusha vizuri kwa pembe za chini kabisa. Fukwe za Lamu, Pemba, Unguja au Oman ni mahali pafaapo kuliko kilima cha mawe makavu bara, hata kama kilima hicho ni kirefu.

Upande wa kupokea una hali yake. Bonde la Kongo na eneo la Maziwa Makuu ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi zaidi, na mngurumo wake hujaza masafa ya chini wakati wa mvua. Kofia haiondoi kelele hiyo. Inapandisha ishara na kelele kwa pamoja, na kwa hiyo faida yake huonekana katika kurusha. Waendeshaji wengi hutumia antena nyingine kwa kusikiliza, dhaifu lakini yenye kuchagua mwelekeo.

7.0 SUALA LA ISTILAHI

Baada ya maelezo hayo, istilahi zinazoweza kupendekezwa zinaweza kupimwa kwa kuzilinganisha na dhana yenyewe.

(i) Kupakia juu. Kitenzi pakia kina matatizo mawili. Kwanza, kina homonimu: pakia ya kutia shehena chomboni, na pakia iliyonyambuliwa kutokana na paka, kama katika kumpakia mtu dawa. Katika muktadha wa chuma na rangi, 'mlingoti uliopakiwa juu' unaweza kueleweka kuwa umepakwa kitu. Pili, na hili ni zito zaidi, maana ya shehena inasisitiza uzito.

(ii) Mzigo wa juu. Fundi umeme tayari anatumia neno mzigo kwa kitu kinachokula nguvu. Taa, pasi na mota ni mizigo ya jenereta. Kifaa kinachojadiliwa hapa sifa yake kuu ni kwamba hakili nguvu. Kukiita mzigo ni kukipa jina la kinyume chake katika uwanja uleule wa maarifa.

(iii) Kutwika. Neno hili lina mvuto wa pekee, kwa sababu maana yake ni kuweka mzigo kichwani, na hivyo dhana ya 'juu' imo ndani ya kitenzi bila kuhitaji kielezi. Kwa ufupi na uzuri wa lugha halina mpinzani. Hata hivyo aliyetwikwa ni mwenye kulemewa, ilhali mlingoti uliowekewa kifaa hiki umefunguliwa njia. Neno limepata mahali, lakini kazi limeikosa.

(iv) Kuvika kofia. Kofia hukaa kichwani, ni pana kuliko kitu kilichoivaa, na haihesabiwi kuwa mzigo. Sifa hizo tatu ndizo sifa za kifaa. Kiingereza chenyewe, kikitaja kifaa badala ya tendo, hutumia neno lenye maana ya kofia, na Kijerumani hutumia neno lenye maana ya paa. Hii inaonyesha kwamba taswira ya mzigo haikuwa ya lazima hata huko dhana ilikotoka. Kimofolojia, kuvika kofia kunazaa bila shida: mlingoti uliovikwa kofia, uvikaji kofia, kofia ya foromali, kofia ya mwavuli, kofia ya gurudumu.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba kofia ni neno la nyumbani mno, lisilo na uzito wa kitaalamu. Pingamizi hilo halina nguvu. Istilahi hupata utaalamu wake kutokana na ufafanuzi inaopewa na mfumo wa dhana inamoingia, wala si kutokana na ugeni wa sauti zake. Neno mkondo lilikuwa la maji kabla ya kuwa la umeme, na hakuna mwanafunzi wa fizikia anayedhani kwamba ndani ya waya mna mto. Kwa upande mwingine, maneno kama koili, kapasita na antena yamekwisha kuzoeleka na hayapotoshi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyafukuza. Kigezo kinachopendekezwa hapa si asili ya neno. Ni kama neno hilo litamwongoza mtumiaji kufanya jambo lililo sahihi.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba mlingoti mfupi unashindwa kurusha hasa kwa sababu mkondo wake hupungua hadi sifuri kwenye ncha, na kwamba chuma kilichotandazwa juu huuondoa upungufu huo kwa kuipatia chaji nafasi ya kusambaa. Katika mfano wa mlingoti wa mita 15 kwa kilohezi 1830, ufanisi ulipanda kutoka asilimia 20 hadi asilimia 52 bila kurefusha sehemu ya wima hata kwa sentimita moja. Imeonyeshwa pia kwamba kuitika masafa si dalili ya ufanisi, na kwamba istilahi iliyojengwa juu ya neno mzigo huchanganya mambo hayo mawili.

Inapendekezwa kwamba kifaa kiitwe kofia na tendo liitwe kuvika kofia, na kutwika kuachwe kwa mizigo halisi. Kazi kama hiyo inasubiri kufanywa kwa dhana nyingine za fani hii, zikiwamo zile za uoanishaji na za nyaya za ardhini, ambazo nazo zimeingia katika mazungumzo ya mafundi kwa tafsiri za haraka. Mwanaisimu atakayeifanya kazi hiyo atalazimika kwanza kujua mkondo unakwenda wapi, ndipo aamue njia yake iitweje.